Uzoefu wangu na simu ya kukunja: kazi inafanyika, kikwazo ni kioo cha ndani

Simu ninayoitumia kila siku ni ya kukunja, ile aina inayofunguka kama kitabu, na sina simu nyingine pembeni ya kunisaidia. Ikipotea leo, nitatafuta nyingine ya aina hiyohiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu malalamiko yapo mengi hapa chini, na sitaki mtu adhani nimeichoka. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza yanazihusu karibu simu zote za namna hii.

Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri maandishi, na hapo ndipo simu hii ilipojilipa. Faili la PDF lililopangwa kwa karatasi ya A4 ni mateso kwenye simu ya kawaida. Unakuza herufi, unasogeza kulia umalizie mstari, unarudi kushoto uanze mwingine, na ukishuka kutafuta tanbihi unapoteza ulipokuwa unasoma. Kwenye skrini ya ndani ya karibu inchi 8, ukurasa mzima unakaa mbele ya macho, tanbihi zake chini, na herufi zinasomeka bila kukuzwa. Nikitafsiri naigawa skrini mara mbili: matini asilia kushoto, tafsiri yangu kulia, na kibodi iliyotenganishwa pande mbili ili kila kidole gumba kifikie herufi zake. Nimewahi kumaliza masahihisho ya sura nzima nikiwa kwenye foleni, kompyuta ikiwa nyumbani, na mteja hakuona tofauti yoyote. Kwangu hilo peke yake linatosha kuitetea bei niliyoitoa.

Ila faida hiyo inatokana na umbo la skrini zaidi kuliko ukubwa wake. Ikifunguliwa inakaribia kuwa mraba, na mraba unafaa sana kwa maandishi, ramani na majedwali ya hesabu. Kwa video mambo ni tofauti. Filamu na mechi hutengenezwa kwa umbo la kulala, refu na jembamba, kwa hiyo juu na chini hubaki mistari mipana myeusi. Picha inakuwa kubwa kuliko ya simu ya kawaida, ndiyo, lakini si kwa kiasi ambacho matangazo yanakufanya ukitarajie. Mtu anayetaka simu hii kwa ajili ya kuangalia video tu, ningemshauri achukue tableti ya bei nafuu na abaki na simu yake.

Kuna watu ambao matangazo hayawataji kabisa na ambao wangenufaika kuliko sisi wote: wazee. Mama yangu amekuza herufi za simu yake hadi mwisho, na matokeo yake kila mstari wa meseji una maneno mawili au matatu, basi. Anasoma kwa kupandisha na kushusha muda wote. Nilipompa yangu ikiwa wazi, herufi kubwa vilevile, alisoma ujumbe mrefu wa ndugu yake moja kwa moja bila kugusa skrini. Kilichomshinda ni kuifungua. Bawaba ya simu hizi ni ngumu kwa makusudi ili isimame katika pembe yoyote, na kingo zake ni nyembamba, hivyo vidole vyenye maumivu ya viungo havipati pa kushika. Natamani watengenezaji walifikirie hilo kwa dhati.

Ikiwa imefungwa naitumia kama simu yoyote, na nadhani huu ndio mtihani ambao simu za mwanzo zilifeli. Galaxy Fold ya kwanza ya Samsung, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ilikuwa na skrini ya nje ya inchi 4.6, nyembamba kiasi kwamba kuandika sentensi ndefu kulikuwa shida, na ikikunjwa ilikuwa na unene wa milimita 17 upande wa bawaba na uzito wa gramu 276. Galaxy Z Fold7 ya mwaka 2025 ina skrini ya nje ya inchi 6.5, unene wa milimita 8.9 ikikunjwa, na uzito wa gramu 215. Ni nyepesi kwa gramu tatu kuliko Galaxy S25 Ultra, ambayo ni simu ya kawaida isiyokunjika. Kampuni za Oppo na Honor nazo zimefika katika unene huo. Kwa hiyo anayesema simu hizi ni nzito na hazikai mfukoni anazungumzia simu za zamani. Yangu si nyembamba kiasi hicho, na hata hivyo nimeacha kuuhisi uzito wake.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama haitakatika kwa kukunjwa kukunjwa. Bawaba siihofii hata kidogo. Miaka ya nyuma kampuni zilikuwa zikitaja mikunjo 200,000. Ukiifungua na kuifunga mara mia kwa siku, hesabu hiyo inakupeleka zaidi ya miaka mitano, na wengi hubadilisha simu kabla ya hapo. Kwa Z Fold7, Samsung imetaja 500,000. Tena bawaba za siku hizi zimeundwa ili skrini ijikunje ndani yake kwa umbo la tone la maji badala ya kupindwa kwa ukali, ndiyo sababu upande mmoja hulala juu ya mwingine bila kuacha mwanya na mkunjo umekuwa wa kina kifupi. Kwenye simu yangu mkunjo unaonekana nikiishika chini ya taa ya dari huku skrini ikiwa nyeusi, na kidole kikipita katikati kinahisi kibonde kidogo. Nikiwa nasoma ukurasa mweupe siuoni.

Tatizo ni kioo chenyewe. Kuanzia Galaxy Z Flip ya Samsung ya mwaka 2020, simu nyingi za kukunja zimewekewa kioo cha kweli, lakini ni chembamba ajabu: kwenye simu hiyo kilikuwa na unene wa mikromita 30 tu, chini ya unene wa unywele. Kioo cha namna hiyo kinapindika, ila hakiwezi kujilinda chenyewe, kwa hiyo juu yake huwekwa tabaka la plastiki, na plastiki hiyo ndiyo unayoigusa. Ukucha ukikandamiza unaacha alama. Chembe ya mchanga ikinaswa katikati wakati unafunga, inabanwa na pande zote mbili na kuchimba. Mimi nimezoea kuipangusa kwa kitambaa kila ninapotaka kuifunga baada ya kutoka nje, na silioni kuwa jambo kubwa, lakini siwezi kumtazamia kila mtu aishi hivyo na simu yake.

Halafu kuna ile protekta ya kiwandani, yaani utando wa plastiki uliobandikwa juu ya skrini ya ndani tangu kiwandani. Yangu ilianza kuinuka baada ya miezi kadhaa. Kwanza ilitokea povu ndogo katikati ya mkunjo, ndogo kiasi cha kudhani ni tone la maji, kisha ikajinyoosha juu na chini kufuata mstari wa mkunjo, na vumbi likaanza kuingia pembeni. Mkono unawasha kuibandua. Usiibandue. Mwezi Aprili 2019, baadhi ya waandishi waliopewa Galaxy Fold waifanyie majaribio walibandua tabaka la juu wakidhani ni protekta ya kawaida, na skrini zikaharibika. Nyingine ziliharibika kwa sababu tofauti, na Samsung ikaahirisha uzinduzi hadi Septemba. Simu za sasa zimeboreshwa na protekta inabadilishika, lakini kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vyake. Mimi niliipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni husika, wakaibadilisha vizuri.

Nikiwa hapohapo niliuliza: je, kioo cha ndani kikipasuka? Bei niliyotajiwa ingeninunulia simu mpya nzuri ya daraja la kati. Nilipotaka kujua sababu, fundi alinieleza kwamba kioo kimegandishwa kwenye fremu pamoja na bawaba, kwa hiyo hakibadilishwi kioo peke yake, inabadilishwa sehemu nzima ya mbele. Na spea hizo hazipatikani kwa mafundi wa mitaani. Simu ya kawaida ikianguka, unatafuta fundi, jioni unaichukua. Hii ikianguka vibaya, na hukukata bima, unaanza kufikiria kuiacha. Nililiona hilo kuwa dhuluma kwa mteja, na bado naliona hivyo. Kampuni inayoweza kutengeneza bawaba ya kukunjwa mara nusu milioni inaweza pia kutengeneza skrini inayofunguliwa kwa skrubu.

Maji si tishio tena, kwa kuwa simu nyingi kubwa za kukunja zinastahimili kuzamishwa. Vumbi ndilo lililochelewa. Zile zenye kiwango cha IP48 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji), Z Fold7 ikiwemo, tarakimu 4 inamaanisha zinazuia vitu vyenye ukubwa wa kuanzia milimita moja, basi. Vumbi laini halimo. Pixel 10 Pro Fold ya Google ya mwaka 2025 ndiyo iliyofika IP68, kiwango ambacho simu za kawaida za bei ya juu zimekuwa nacho kwa miaka. Ni hatua ninayoifurahia sana.

Betri ni ya wastani. Skrini kubwa inakula chaji, na wembamba unabana nafasi: Z Fold7 ina mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 4,400 tu, wakati Oppo Find N5 yenye wembamba karibu uleule ina 5,600, kwa hiyo visingizio vya wembamba sivikubali tena. Programu nazo zimeboreka tangu Android 12L ya mwaka 2022, toleo la mfumo wa Android lililotengenezwa kwa ajili ya skrini kubwa, ingawa zipo chache zinazojivuta tu kujaza nafasi bila mpangilio.

Mdogo wangu anatumia aina ya pili, inayokunjwa kwenda chini na kubaki kipande kidogo cha kukaa kwenye kiganja. Ikifunguliwa ni simu ya kawaida kabisa, haikuongezei nafasi ya kufanyia kazi. Anachokipenda ni kuisimamisha mezani nusu wazi akipiga simu ya video, mikono ikiwa huru, na kujipiga selfi kwa kamera kubwa za nyuma huku akijiona kwenye skrini ya nje. Picha zake za selfi ni bora kuliko zangu kwa mbali. Mimi isingenisaidia kitu, lakini nadhani aina hiyo ndiyo itakayotangulia kuenea, kwa sababu bei yake imeshuka kweli. Motorola Razr ilirudi ikiwa na skrini ya kukunja kwa dola 1,499 za Marekani. Razr ya daraja la chini ya mwaka 2023 ilitoka kwa dola 699.

Aina yangu haijashuka. Galaxy Fold ya mwaka 2019 ilizinduliwa kwa dola 1,980, na Z Fold7, miaka sita baadaye, kwa dola 1,999. Kila maendeleo yaliyopatikana yamekwenda kwenye wembamba, kamera na skrini, hakuna lililokwenda kwenye bei. Huawei kwa Mate XT ya mwaka 2024, inayokunjwa sehemu tatu na kufikia inchi 10.2, ilianzia yuani 19,999, mbali zaidi na mnunuzi wa kawaida. Ndiyo maana, kwa makelele yote ya uzinduzi, simu za kukunja bado ni kama asilimia mbili au pungufu ya simu zinazouzwa duniani. Tecno walijaribu kuja na ya bei ya chini zaidi kwa Phantom V Fold mwaka 2023, na ningependa kuona wengi wakiifuata njia hiyo kuliko kushindania milimita.

Kwa hiyo kama ni kufaa, inafaa, tena sana, kwa anayesoma na kuandika muda mwingi akiwa nje ya meza yake. Kuwa simu ya kila mtu, hapana, si kabla ya bei ya matengenezo kushuka. Ukiamua kununua, kabla ya kulipa uliza mambo mawili na upewe majibu kwa maandishi: kioo cha ndani kinabadilishwa kwa kiasi gani baada ya dhamana kwisha, na protekta yake inabadilishwa wapi. Kama muuzaji anakwepa swali la kwanza, ongeza gharama ya bima kwenye bei ya simu, na jumla hiyo ndiyo uilinganishe na uwezo wako.