Mashine ya mashua kuzima ovyo: uzoefu wangu na fundi wa Mikindani

Mashua yangu ni ya futi 24. Inatembea kwa tanga, ila nyuma nimefunga mashine ya petroli ya nguvu za farasi 15 kwa ajili ya kuingilia bandarini na siku ambazo upepo umelala.

Mwezi wa sita nilikuwa natoka Msimbati kurudi Mtwara. Tulipofika mlangoni mwa ghuba, upande wa Msanga Mkuu, tanga tumeshalishusha na maji yanakupwa kwa nguvu, mashine ikazima. Haikukohoa wala kupunguza sauti, ilikatika tu kama redio iliyochomolewa. Nikavuta kamba mara nne, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafuta yakikosekana mashine huhangaika kwanza, kwa hiyo nikajua huu ni umeme.

Fundi wa kwanza, wa mjini, akabadili plagi. Tatizo likabaki. Akabadili koili, likabaki. Mwisho CDI, kile kisanduku kinachoamuru cheche za plagi, laki mbili na ushee. Kila akimaliza anaiwasha kwenye pipa la maji, inanguruma nusu saa nzima, nalipa, naondoka. Nikirudi kulalamika, ananiambia petroli yangu ina maji.

Ndipo nikaelekezwa kwa huyu mzee wa Mikindani. Alikuja ufukweni na bisibisi na testa, ile inayolia ncha zake mbili zikiunganika, hana kipuri hata kimoja. Akauliza, "Inazima mkiwa mnafanya nini?" Nikamwambia haina wakati maalumu. Baharia wangu, kijana mdogo tu, akadakia: "Nahodha, si huwa inazima tukikata kona?" Miezi mitatu, na mimi ndiye ninayeshika mkono wa mashine!

Mzee akachomoa waya mweupe unaotoka kwenye swichi ya kuzimia kwenda kwenye CDI. Ncha moja ya testa akaigusisha kwenye ule waya, nyingine kwenye bodi ya mashine. Kamba nyekundu ya usalama, ile ikichomoka mashine inazima, ilikuwa imechomekwa mahali pake, kwa hiyo testa ilitakiwa ikae kimya, na ilikaa kimya. Akaanza kusukuma mkono wa mashine polepole. Ulipofika karibu na mwisho, testa ikalia. Akaurudisha, kimya. Akausukuma tena, ikalia.

Pale mkono unapojikunja, waya ulikuwa umesuguliwa hadi ganda likaisha, shaba imeshaota kijani kwa chumvi. Ikigusa bodi, CDI inapata amri ileile ya kuzima kana kwamba nimebonyeza swichi. Kwenye pipa hakuna anayekata kona, ndiyo maana dukani haikuzima hata siku moja.

Kabla ya kukarabati alitupeleka majini waya ukiwa bado umechomolewa, tukazunguka mpaka nikapata kizunguzungu. Haikuzima. (Waya ukichomolewa swichi haizimi mashine, kwa hiyo msijaribu kama hamjui namna nyingine ya kuizima. Sisi tuliizima kwa kufunga choki, yaani kuizibia hewa.) Kisha akakata kipande kibovu, akaunga kwa risasi, akavika mpira na kuupitisha waya njia nyingine.

Alinitoza elfu arobaini. Kasoro zake: aliahidi Jumanne akaja Alhamisi, na risiti hana. Nampa nyota nne. Tangu hapo nimeshakwenda Msimbati na kurudi mara kadhaa, haijazima.

Nilipita kwa yule wa mjini kuomba CDI yangu ya zamani, maana kumbe ilikuwa nzima. Akasema alishaitupa.