Uzoefu wangu: miezi 16 na jarida la sosholojia, na swali moja lililoiokoa makala yangu

Wenzangu wa uzamifu wameniuliza mara nyingi kama inafaa kupeleka makala kwenye lile jarida la nje lililonichapisha. Nawajibu kwamba inafaa, ila ujipange.

Presha tunaijua sote. Mwongozo wa 2014 wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ulitaka mwanafunzi wa uzamifu awe na makala mbili kwenye majarida yenye wahakiki, yaani wasomi wanaoipima makala kabla haijachapishwa, ndipo ahitimu. Ndiyo maana wengi wetu tunaangukia mikononi mwa majarida ya uongo, yale yanayokuita "Profesa" kwa barua pepe na kuahidi kukuchapisha ndani ya wiki moja mradi utume pesa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatumiwa ankara. Nilipomwonyesha msimamizi wangu, aliisoma mara moja akaniuliza, "Unataka kusomwa, ama unataka tu jina litokee?" Sikulipa.

Utafiti wangu ulihusu chama cha akina mama mboga, wanawake wauza mboga, wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Kila mmoja huchanga shilingi 200 kwa siku, na jioni mwanachama mmoja huondoka na mchango wote. Nilikuwa nikiwahoji asubuhi wakitoka soko la Marikiti, magunia ya sukuma yakiwa bado hayajafunguliwa.

Kuwasilisha kulinila siku mbili. Kikomo kilikuwa maneno 8,000 pamoja na marejeo, nami nilikuwa na 11,400. Majina hufichwa pande zote mbili, ya mwandishi na ya wahakiki, kwa hiyo ukurasa wa jina unakwenda kwenye faili lake, shukrani zinatolewa, na kila mahali ulipoandika "katika tasnifu yangu" panafutwa. Nilidhani nimemaliza, kumbe jina langu lilibaki kwenye taarifa za ndani za faili. Makala ikarudishwa siku ya tatu. Kagua hapo kabla ya kutuma.

Halafu kimya. Miezi saba mfumo wa jarida ulionyesha neno lilelile: "kwa wahakiki". Ulipofika mwezi wa tano wa kusubiri nilimwandikia mhariri kwa adabu, na baada ya wiki mbili akanijibu kwamba aliwaomba watu sita na wanne wakakataa. Kazi hiyo hailipwi, naelewa. Lakini mwanafunzi ambaye karo inamdai kila muhula angestahili kuambiwa hivyo bila kuuliza. Hapa nawakata alama.

Uamuzi ulipokuja ulikuwa "rekebisha na uwasilishe upya". Mhakiki wa kwanza aliandika mistari mitano, na mmoja wao uliniuma: Nairobi inatuambia nini kuhusu kwingineko? Katika barua yangu ya majibu nilieleza kwamba wanasosholojia Robert Park na Ernest Burgess waliusoma mji mmoja, Chicago, miaka ya 1920, na hadi leo sosholojia ya miji duniani kote inaanzia kwao. Kisha nikaeleza hasa Mathare inaongeza nini. Mhariri alikubali hoja hiyo. Usinyamaze kwa kuogopa mhakiki. Ukiwa na hoja, iandike kwa utulivu.

Mhakiki wa pili aliandika kurasa tatu. Mahojiano nilikuwa nimeyaweka kwa Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza ikiwa chini yake. Mama mmoja aliyekosa mchango siku tisa mtoto wake alipolazwa alikuwa ameniambia, "Hawakunikopesha. Walinibeba." Kwenye tafsiri nilitumia neno lenye maana ya mkopo, na uchambuzi wangu wote ukasimama juu ya mikopo. Mhakiki aliuliza: "Mbona mama anakataa neno ambalo wewe unampa?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Nilirudi kwenye daftari zangu nikalikuta neno la mama huyo kila mahali: kubebwa, kubebana, "leo tumembeba fulani". Nilikuwa nimelisikia miezi minane bila kulisikia. Anayebebwa hadaiwi kiasi kile alichokosa. Anadaiwa kuwepo siku mwingine atakapoyumba, na asiyetokea siku hiyo huachwa taratibu bila kutangaziwa. Nilivunja sehemu ya matokeo, nikaiandika upya kwa wiki sita. "Kubebana" likabaki kwa Kiswahili hadi kwenye kichwa cha makala. Simjui mhakiki yule na huenda nisimjue kamwe, lakini hakuna mtu aliyeisoma kazi yangu kwa makini kama yeye.

Duru ya pili ilichukua miezi mitano, ikakubaliwa.

Kuhusu pesa: sikulipa chochote, kwa kuwa jarida huuzwa kwa maktaba. Kuifungua makala isomwe bure kungenigharimu zaidi ya dola 2,000, pesa ambazo sina. Hili linaniudhi, kwa sababu mtu wa Mathare hawezi kuisoma kazi inayomhusu. Mkataba uliniruhusu kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hazina ya makala ya chuo baada ya muda fulani, nami nimeiweka. Soma kifungu hicho kabla ya kutia sahihi.

Makala yangu ya pili nimeipeleka hukohuko mwezi Januari. Bado iko kwa wahakiki.