Walinipima mafuta ya mwili kwa kimo cha mtu mwingine

Nyota moja, kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Huenda nikiendelea kuandika nikaongeza, huenda nisiongeze. Jambo lenyewe ni la wiki kadhaa zilizopita na bado likinijia usiku nageuka upande wa pili.

Huduma yenyewe wengi mnaijua. Unavua viatu na soksi, unakanyaga vibati vya chuma, unashika vishikio viwili, unatanua mikono kama mtu anayepekuliwa na askari, na baada ya muda mfupi inatoka karatasi ya kukueleza mwilini mwako mna mafuta kiasi gani, misuli kiasi gani na maji kiasi gani. Nilikwenda kwa hiari yangu. Mizani ya nyumbani ilikuwa imeganda kwenye kilo 71 miezi na miezi, haipandi, haishuki, lakini sketi zilikuwa zinanibana kiunoni na mikono imenywea. Kilo zilezile, mwili mwingine. Nikasema humu ndani kuna kitu kinahama, acha nikajue ni nini. Mizani ya kawaida haiwezi kukwambia hilo, maana kwake kilo ya misuli na kilo ya mafuta ni kilo tu.

Basi nikamkuta kijana wa mashine. Salamu hakuna. Simu mkono wa kushoto, anacheka na mtu aliyeko huko kwenye simu, mkono wa kulia anabonyeza.

“Umri?”

“Arobaini na sita.”

“Urefu?”

“Mia moja sitini na nane.”

“Panda.”

Nikapanda. Nilikuwa nimetoka kupandisha ngazi mbiombio, jasho linanitiririka, chupa nzima ya maji nimeimaliza njiani na chakula bado kiko tumboni. Hakuuliza hata kimoja. Hakuuliza kama nina mimba, wala kama nina kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho mwenye nacho haruhusiwi kabisa kupanda mashine ya kupitisha umeme mwilini. Mimi sina. Je, ningekuwa nacho?

Karatasi ilipotoka hakunipa. Aliisoma. Kwa sauti. Nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni watu wanne, soksi mkononi.

“Mafuta asilimia thelathini na nane nukta sita! Aisee, mama. Umri wa mwili, hamsini na saba.”

Mmoja kwenye foleni akaguna. Nikamwuliza kijana kwa upole kabisa, upole ambao leo naujutia, kama ana uhakika na hizo namba. Akanijibu bila kuniangalia: “Mashine haidanganyi, mama. Kinachodanganya ni kioo.” Halafu akacheka peke yake.

Niliondoka nimevaa kiatu bila soksi. Nyumbani nikaacha kula usiku. Siku kumi na kitu nalala na njaa, naamka na kizunguzungu, nafokea kila anayenisemesha, yote kwa ajili ya ile thelathini na nane nukta sita. Nilikuwa nimeshaiamini. Namba ikiwa na nukta ndani yake inatisha zaidi. Ningeambiwa “kama arobaini hivi” ningebisha, lakini nukta sita nani atabishana nayo?

Jioni moja natafuta ufunguo kwenye mkoba, karatasi ikadondoka. Nikaikunjua tena nijitese kidogo. Safari hii macho yalianzia juu kabisa, pale kwenye pembe, kwa maandishi madogo kuliko mengine yote. Jinsia, sawa. Umri, sawa. Urefu: 158.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda kusimama ukutani na rula kichwani, mtu mzima na akili zangu, kuhakikisha kuwa sijasinyaa.

Sasa niwaeleze kwa nini sentimita 10 pale ni balaa, maana yule kijana mpaka leo hajui. Mashine haioni mafuta. Haioni chochote. Inapitisha umeme mdogo sana usiouhisi, kisha inapima umepata upinzani kiasi gani njiani. Umeme hupita vizuri kwenye maji yenye chumvichumvi, na misuli imejaa hayo. Ukitoa mafuta, sehemu iliyobaki ya mwili wa mtu mzima ni maji kwa takribani asilimia 73. Mafuta yenyewe yana maji kidogo mno, kwa hiyo yanauzuia. Kipimo kinaishia hapo. Yanayofuata yote ni hesabu, na moyo wa hesabu hiyo ni urefu wako, unaozidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanywa kwa ule upinzani. Waya mrefu una upinzani mwingi kuliko mfupi, hivyo mashine lazima iambiwe umeme umesafiri mwendo gani. Na hilo haliambiwi na mwili, linaambiwa na kidole cha anayebonyeza.

168 mara 168 ni 28,224. 158 mara 158 ni 24,964. Karibu asilimia 12 ya hesabu yangu ilitoweka kabla sijashika vishikio! Mashine ikamwona mama mfupi mwenye upinzani wa mama mrefu, ikajiuliza upinzani wote huu umetoka wapi, ikajijibu: mafuta. Kwa taarifa iliyopewa, ilijibu sawasawa. Hata BMI yangu, yaani uzito ukilinganishwa na kimo, ambayo haihitaji umeme wala mashine, ni kilo tu kugawanya kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe, ilitoka 28.4 badala ya 25.2. Moja inakwambia umezidi uzito kwa mbali, nyingine inakwambia umekanyaga mstari.

Nikarudi na karatasi yangu. Kijana akaitazama, akainua mabega. “Sentimita kumi tu, mama, haziwezi kubadilisha kitu.”

Hapo ndipo sauti yangu ilipopanda, nakiri. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Akatoka dada mmoja chumba cha ndani, akaniamkia, “Shikamoo mama,” akachukua ile karatasi na kuisoma kuanzia juu. Kuanzia juu! Akanyamaza kidogo, akaniomba radhi kwa niaba yao wote, akanitaka nirudi kesho yake asubuhi kabla ya kula na kabla ya mazoezi.

Nikarudi. Jamani, kumbe kupimwa ni kazi ya watu. Alinisimamisha ukutani akapima kimo changu mwenyewe. Akaniuliza kama nimekwenda msalani, kama nimekunywa maji mengi, kama nina mimba, kama nina chuma chochote mwilini au kifaa cha moyo. Nivue bangili na saa. Akafuta vibati kwa kitambaa chenye unyevu, akanionyesha mikono isigusane na mbavu, mapaja yasibanane, kwa sababu ngozi ikigusana umeme unapata njia ya mkato. Kisha akasogea nyuma akageuza uso pembeni mashine ilipokuwa inafanya kazi. Karatasi ilipotoka aliikunja mara mbili, akanipa imegeuzwa chini.

Asilimia 34.2.

Nilitaka kumkumbatia. Pale pale nilimpa nyota tano moyoni. Akaniambia neno nililolishika: “Mama, hii usiichukulie kama namba ya kitambulisho. Njoo tena saa kama hizi, hali kama hii, tutazame inaelekea wapi.”

Ila nilipofika nyumbani hasira ikarudi kwa mlango wa nyuma. Ile 34.2 nayo si mimi, ni makisio. Ningepanda mashine ya chapa nyingine asubuhi ileile ningeweza kupata namba nyingine, kwa sababu kila mtengenezaji ana hesabu yake. Zile mizani za nyumbani za kukanyaga tu ndiyo kabisa: umeme unapanda mguu mmoja na kushukia wa pili, mikono na kifua vinakisiwa. Hata vipimo vinavyoheshimika vina dhana zake. Kuna kupimwa uzito ukiwa umezama majini, ambako wanachukulia mafuta yana uzito wa gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo na vingine vyote 1.1, kana kwamba mifupa ya watu wote imetoka kiwanda kimoja. Kuna DEXA, eksirei za nguvu mbili tofauti, nayo inasifiwa zaidi kwa sababu inatenganisha mfupa, mafuta na vilivyobaki, lakini nayo pia inakokotoa. Ukitaka kuyapima mafuta yenyewe bila kukisia, lazima mtu apasuliwe akiwa maiti, na mimi bado nina shughuli.

Na “umri wa mwili” naomba mtu auondoe kwenye hizo karatasi. Hakuna kipimo kinachokubalika kwa jina hilo. Ni kila mwenye mashine na alivyopanga. Karatasi ya pili iliniambia 51. Yaani nimepunguza miaka sita kwa kurefuka sentimita kumi.

Kisha kuna “mafuta ya ndani,” yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo ya kuogopwa kwa mambo ya sukari na moyo. Mashine imenipa namba yake pia, kwa kujiamini kabisa, ilhali anayeweza kuyaona kweli ni CT au MRI, zile mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili. Hapo nikaacha kubishana nikachukua kamba. Nilikata kamba yenye urefu wa kimo changu, kuanzia kisigino hadi utosini, nikaikunja katikati, nikaizungusha kiunoni huku nimetoa pumzi bila kubana tumbo. Kiuno kinatakiwa kisifikie nusu ya kimo. Ncha zilikutana na kupitana kwa kiasi cha upana wa kidole. Nusu yangu ni 84, kiuno 82. Kwa kimo alichonibonyezea yule kijana nusu ingekuwa 79 na kamba isingefika. Sijitangazii ushindi, kwa sababu WHO huweka alama ya kwanza ya tahadhari kwa mwanamke kwenye sentimita 80 na ya pili 88, nami nimeshaivuka ya kwanza. Lakini angalau kamba sikusomewa mbele ya foleni.

Je, nitarudi pale? Nimesharudi, mara mbili, asubuhi, kwa dada yule. Mafuta yameshuka kidogo na misuli ya mikono haijapungua tena tangu nianze kunyanyua vyuma na kula usiku kama binadamu. Sizijali namba zenyewe, nazipanga tu kwenye daftari nione mstari unakwenda wapi, na kwa kazi hiyo mashine inafaa, lazima niseme ukweli. Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, juzi nilimsikia kijana akimsomea mzee mmoja majibu yake, ukumbi mzima unasikiliza. Mbili. Ya pili ni ya yule dada, na siku akihama anaondoka nayo.