Proxmox VE kwenye seva tatu, Upper Hill

Ofisini kwetu Upper Hill, Nairobi, mashine pepe zote (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva halisi) zinaendeshwa na Proxmox VE, programu huria kutoka Vienna, Austria, iliyotoka mara ya kwanza 2008. Ninachokipenda kuliko vyote ni kuhamisha mashine kutoka seva moja hadi nyingine ikiwa kazini: wahasibu wanaendelea kuingiza ankara huku mimi nikizima seva niiongezee kumbukumbu (RAM). Hawahisi lolote!

Ila msijenge klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ya seva mbili tu, tafadhali. Maamuzi hupitishwa kwa wingi wa kura za seva. Stima ikipotea upande mmoja, seva iliyobaki haina wingi huo, hivyo haiwezi kuwasha mashine pepe iliyozimwa. Wekeni tatu. Corosync, programu inayoziwezesha seva kuwasiliana ndani ya klasta, nayo ipewe swichi yake ya mtandao, maana haivumilii mtandao unaochelewa. Proxmox yenyewe ni bure. Msaada wa kiufundi ndio hulipiwa.