Cupramine ya Seachem: dawa nzuri ya karantini, ila ipimwe

Kwa samaki wapya wa maji chumvi wenye ugonjwa wa vidoa vyeupe au wa velveti (yote ya vimelea), dawa hii ya shaba inafanya kazi. Tangi la lita 80 weka mililita 2, subiri saa 48, ongeza 2 nyingine. Utafika miligramu 0.5 za shaba kwa lita. Ishikilie siku 14. Ukibadilisha maji lita 20, rudisha mililita 1.

Usikisie. Nunua kipimo cha shaba cha Hanna HI702, na ufute kichupa chake cha sampuli ya maji vizuri kabla ya kusoma: alama ya kidole tu inapotosha namba. Mawe na mchanga viondoe, vinanyonya shaba. Bomba la plastiki linatosha kwa maficho.

Kosa linaloua ni kumwaga dawa ya kufunga amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) humo humo. Inabadilisha shaba ikawa sumu kali. Amonia ikipanda, badilisha maji.

Matumbawe yasiguse dawa hii kabisa, yatakufa. Yapewe tangi lao lisilo na samaki kwa siku 76, kwa sababu vifuko vya vimelea hujibandika hata kwenye vigingi vyake, yaani vishikizo vidogo ambavyo matumbawe hubandikwa.