Gemu ngumu: ipi ununue kwanza?

Ukitaka kununua gemu ngumu, usianze kwa kuuliza ni ngumu kiasi gani. Uliza hivi: nikifa, nitajua nimefia nini? Na itanichukua muda gani kurudi pale nilipofia? Ndivyo nilivyopanga orodha hii. Raha ninayoitafuta ni ya mikono kujua leo jambo ambalo jana haikulijua, na gemu isiyokuonyesha kosa lako haiwezi kukufikisha huko hata ukiicheza mwaka mzima.

1. Celeste (2018)

Kama hujawahi kucheza gemu ngumu, anzia hapa. Msichana anapanda mlima, basi. Anaruka, anadandia kuta, na anaweza kuchomoka angani mara moja tu mpaka aguse ardhi au fuwele ya kijani. Tazama nywele zake: ni nyekundu, na akishachomoka zinageuka buluu. Siku ya kwanza hutaziona. Baadaye utashangaa kidole kimesita chenyewe kwa sababu nywele ni buluu, na wewe hukumbuki ulijifunza lini kuzisoma.

Ukifa unarudi papo hapo mwanzo wa chumba kilekile, kabla hasira haijapanda. Ina pia menyu ya msaada: waweza kupunguza kasi ya gemu au kuzuia kifo kabisa. Wapo wanaoibeza menyu hiyo. Mimi naipenda kwa moyo wote, maana mtu ambaye vidole vyake havina wepesi naye anaufikia mlima uleule.

2. Sekiro: Shadows Die Twice (2019)

Kwa kufundisha, hii inazishinda zote. Nimeiweka ya pili kwa kuwa ni kali mno kwa anayeanza: haina kiwango chepesi cha kuchagua, na kuua maadui wadogo mfululizo hakutakubeba. Kiini chake ni kupangua. Bonyeza kitufe cha kukinga pale hasa upanga unapokufikia, na kila pigo unalopangua linamlegeza aliyelipiga. Akilegea kabisa, unapata pigo la kifo hata kama uhai wake bado mwingi.

Bosi, yaani adui mkubwa anayelinda njia, aliyenifungua macho ni Genichiro, juu ya kasri la Ashina. Alama nyekundu inawaka, kisha ama anachoma kwa upanga ama anafyeka chini. Alama ni ileile. Akichoma, msogelee uukanyage upanga, akifyeka, ruka. Jioni nzima nilikuwa naiangalia alama na kufa. Nilipoanza kuangalia mikono yake, pambano likapungua kasi machoni pangu, ingawa yeye hakubadilika hata kidogo. Halafu mwishoni anakuja na radi: unaruka, unaipokea ukiwa hewani, unapiga kabla ya kutua, inamrudia mwenyewe. Mara ya kwanza ilipomrudia nilisimama kwenye kiti.

3. Hollow Knight (2017)

Kazi ya Team Cherry wa Australia, ulimwengu mkubwa wa wadudu chini ya ardhi. Ukifa, pesa zako zinabaki na kivuli chako pale ulipoanguka. Ukifa tena kabla ya kurudi na kukishinda kivuli hicho, zimekwenda. Kilichoishusha ni mwendo mrefu kutoka kwenye benchi, pale unaporudishwa ukifa, hadi kwa baadhi ya mabosi. Lakini ifikie sehemu ya vunjajungu: anakuja mmoja, kisha wawili kwa pamoja. Ukiwashinda, wenzao waliokuwa wakikuvamia wanakuinamia ukipita.

4. Elden Ring (2022)

Hii ni kwa asiyevumilia kukwama. Bosi akikushinda, panda farasi uende kwingine, rudi na nguvu zaidi. Ni nzuri mno kuitembea. Shida yangu ni kwamba ukishinda, mara nyingi hujui kama umekua wewe au imekua silaha.

5. Hades (2020) na Cuphead (2017)

Hades inaendeleza hadithi kila unapokufa, kwa hiyo kushindwa hakuumi sana. Cuphead ni mabosi mfululizo, na ukifa inakuonyesha kwenye mstari umebakiza kiasi gani. Ukiwa na mwenzako wa kucheza naye, ipandishe juu ya Elden Ring.

Kabla ya kulipa

Kwa gemu zote hizi mimi nisingetumia kibodi, tafuta pedi ya kuchezea gemu, ile ya kushika kwa mikono miwili. Ukichezea televisheni, washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye mipangilio yake. Televisheni nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo mdogo unaharibu kabisa kupangua kwa Sekiro. Na ukinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza saa 2. Kwa Celeste, saa 2 zinatosha kuamua. Kwa Sekiro, huenda utakuwa bado hujapangua sawasawa, kwa hiyo tazama kwanza video ya mtu akipambana na Genichiro.