Moto wa Land Rover iliyotoka ovahoo: geuza rota kwanza, ndipo ununue

Injini imetoka ovahoo. Pistoni mpya, ringi mpya, bloku imepakwa rangi hadi inatamanisha. Asubuhi inashika kwa mguso mmoja, inavuka daraja la Sabaki bila kukohoa, na kabla ya kufika Mambrui inazima kama koroboi iliyopulizwa. Ikipoa nusu saa inashika tena, kana kwamba si yenyewe iliyokuaibisha. Wenye Land Rover Series za petroli, zile za lita 2.25, hulalamika hivi kila mwaka. Wakati huo wameshanunua koili, wameshanunua pampu, na kabureta imefunguliwa mara mbili.

Mara nyingi mkosaji ni rota, kile kiplastiki kinachokaa juu ya shafti ya distributa, chombo kinachogawa moto kwa kila plagi.

Rota nyingi za kuigiza zina ribiti, msumari mfupi wa chuma, inayoshikilia kipande cha shaba. Mguu wa ribiti unashuka ndani ya plastiki hadi karibu na springi inayobana shafti. Plastiki yenyewe ikiwa hafifu, moto wa koili, yaani umeme wa volti nyingi unaotoa cheche, unaona njia fupi: badala ya kwenda kwenye plagi, unatoboa plastiki, unaingia kwenye shafti na kuishia kwenye athi, yaani chuma cha injini. Injini ikiwa baridi plastiki huvumilia. Ikipata joto inasalimu amri. Hapa Malindi kuna na la ziada: wakati wa kusi, chumvi na unyevu hulala ndani ya kofia ya distributa usiku kucha, na moto ukishapita mara moja huacha mstari mweusi wa kaboni ambao kesho ndio barabara yake.

Ununuzi wa gharama nao huzidisha tatizo. Mtu anafunga mfumo wa elektroniki, anaongeza koili kali, anapanua mwanya wa plagi kutoka mm 0.8 hadi 1. Mwanya mpana unadai volti nyingi zaidi, na volti zikipanda, rota dhaifu hutoboka haraka kuliko ilivyokuwa na kontakti za zamani, vile vyuma viwili vidogo vinavyofunga na kufungua umeme wa koili. Kisha elektroniki ndiyo inayotukanwa.

Kuipima ni dakika tano, na ni bora ufanye kabla ya kuondoa kontakti. Vua kofia, rota ibaki mahali pake, kontakti ziwe zimefunga. Chomoa waya mnene wa koili katikati ya kofia na, kwa koleo lenye mpira, ushike ncha yake kama mm 3 juu ya shaba ya rota. Washa swichi, fungua kontakti kwa bisibisi yenye mpini mkavu, mara kadhaa. Ukiona kimweko kidogo kikatulia, rota nzima. Cheche ikiruka kila ukifungua, moto unavuja chini. Itupe, tena uivunje kwanza, maana kuna watu wataiokota na kuiuza.

Ya kununua ni ile isiyo na ribiti, shaba ikiwa imezamishwa kwenye plastiki. Distributor Doctor wa Uingereza huuza nyekundu za namna hiyo. Soma namba kwenye mwili wa distributa kabla ya kuagiza, kwani rota ya distributa ya Lucas aina ya 25D4 haikai kwenye 45D4. Na kofia iwe na vituo vya shaba. Vile vya aluminiamu vinaota unga mweupe kabla kaskazi haijageuka kusi.

Rota ikiwa salama, ndipo tupange distributa kwa ubora.

Ya kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni Lucas ileile iliyokuja na gari, ikabadilishwa bushi na kufungwa Pertronix Ignitor ndani, moduli ndogo ya elektroniki inayochukua nafasi ya kontakti. Waingereza wenyewe humtania Lucas kuwa ni mwanamfalme wa giza, lakini mwili wa 25D4 unafunguka, unasafishika na unatengenezeka hapahapa kwa fundi mwenye mashine ya lezi. Shika shafti uitikise kando: ikicheza, moduli yoyote utakayoweka itatoa taiming (wakati wa cheche kuruka) ya kuyumba. Pertronix ni waya mbili tu, nyekundu kwenye chanya ya koili na nyeusi kwenye hasi. Pete ya sumaku inavaa shafti, na kati yake na moduli unaacha mwanya wa kama mm 0.8. Rota lazima ishuke hadi chini juu ya pete hiyo. Ikibaki imeinuka itakwangua kofia. Kwa silinda nne koili iwe ya ohm 3. Ukiweka ya ohm 1.5, umeme unaopita unakuwa maradufu na moduli inaiva. Ignitor ya toleo la kwanza pia haipendi swichi kuachwa imewashwa injini ikiwa imezima, kwa hiyo ukitaka kusikiliza redio, waya wake utoke kwingine.

Sababu yangu kubwa ni barabara ya Sala Gate, kuelekea Tsavo East. Moduli ikifa huko, unatoa kontakti na kondensa (kikopo kidogo kinachozilinda) ulizohifadhi kwenye boksi, unaweka mwanya wa mm 0.35 hadi 0.40, na unarudi nyumbani kabla ya magharibi.

Ya pili ni 123ignition ya Uholanzi. Ni distributa kamili, haina uzito wa kuchakaa wala springi ya kulegea, unachagua mkondo wa adivansi (jinsi cheche inavyowahishwa kasi ya injini ikipanda) kwa kiswichi, na hujizimia umeme wa koili injini ikisimama. Inataka waya za plagi zenye ukinzani, si za shaba tupu. Ni kitu kizuri mno. Ila ikifa porini imekufa, na bei yake ukijumlisha usafiri na ushuru inakaribia kutengeneza gia boksi.

Kontakti tupu bado zinafaa, mradi kondensa iwe nzuri. Distributa mpya za kuigiza, kamili na elektroniki yake kwa bei ya kutupa, pita.

Siku ya kufunga: pistoni ya kwanza juu, valvu zake zote mbili zimefunga, rota ielekee waya namba moja. Mpangilio ni 1-3-4-2, rota ikizunguka kinyume cha saa. Ng'oa rangi mpya pale waya wa athi unapofungwa kwenye bloku, hadi chuma king'ae. Kisha hakikisha taiming iko karibu kabla hujagusa stata, kwa sababu injini mpya ikizungushwa muda mrefu bila kushika, petroli huosha mafuta kwenye kuta za silinda na ringi zinaanza maisha zikiwa kavu. Ukimaliza, pandisha barabara ya Marafa ukiwa na mzigo. Ikigonga, rudisha distributa kidogo kidogo.

Kuhusu wauzaji wa spea, Mombasa hata Kirinyaga Road ya Nairobi: ukiuliza rota isiyo na ribiti, utaambiwa zote ni sawa. Boksi la kijani jipya lenye jina la Lucas, ndani rota yenye ribiti na hata namba haikupigwa. Ukiirudisha unaambiwa vitu vya umeme havirudishwi, ukauliza ni sheria gani, jamaa anaitazama simu yake. Fungua boksi kaunta, igeuze rota juu chini, na ukiona kichwa cha ribiti mrudishie kabla hujatoa pesa. Ukiipata nzuri chukua mbili, ya pili uifunge kwenye mfuko wa nailoni na uiweke pamoja na zile kontakti.